Droo ya Majirani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Chumba cha Somo kilichoko nje ya kituo cha treni cha Kihonda kilimpokea muulizaji wake wa tisa kwa siku ile. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, begi la chuo mgongoni. Mlango ulijifunga nyuma yake, kuta zikanyonya kelele zote za kituo, na kiti kikapanda kidogo kufuata urefu wake. Chumba chenyewe ni kidogo, ukubwa wa kibanda cha kitubio kanisani. Hakina kioo wala kamera. Kina kiti, feni, na ukuta unaozungumza.

"Karibu," ukuta ulisema kwa sauti ya mwanamke wa makamo asiye na haraka. "Mimi ni Somo. Sikuoni, na sauti yako itasagwa leo saa kumi na mbili jioni. Uliza."

Binti akakohoa. "Natokwa na ute. Mweupe. Sio kila siku. Rafiki zangu wanasema ni uchafu, eti nijisafishe ndani kwa sabuni na maji ya uvuguvugu."

"Unakuwasha? Una harufu mbaya? Umegeuka kuwa wa kijani au wa njano? Unaumia ukikojoa?"

"Hapana. Vyote hapana."

"Basi huo si uchafu. Uke hujisafisha wenyewe, na huo ute ndio kazi yake. Sabuni ndiyo itakayokuletea ugonjwa. Nje osha kwa maji, ndani paache. Ukianza kuwashwa, au ute ukibadilika rangi au harufu, rudi hapa au nenda kituo cha afya. Na hao rafiki zako waambie waje."

Binti alitoka anacheka peke yake. Wa kumi aliuliza kama vidonge vya uzazi wa mpango vinaganda tumboni na kuwa uvimbe. Havigandi. Wa kumi na moja alitaka kujua kama ni kawaida hedhi kumlaza kitandani siku tatu kila mwezi, kama alivyoambiwa nyumbani kwao. Somo alimwambia si kawaida, akamuuliza maswali saba, akamwandikia nafasi ya kuonana na daktari siku hiyohiyo. Wa kumi na mbili aliuliza kama mwanamke anayenyonyesha anaweza kushika mimba. Alipoambiwa anaweza, alisema, "Basi imeshakuwa."

Mwaka ule wa 2079 Morogoro ilikuwa na vyumba sitini na kimoja vya namna hiyo, masokoni, vituoni na milangoni mwa viwanda. Akili unde iliyozungumza ndani yake ilipewa jina la wale wanawake wa zamani waliowafunda wasichana. Ilisomeshwa kumbukumbu za kliniki za miaka thelathini, kisha ikafundishwa jambo gumu zaidi, yaani kuongea na watu wenye haya: kutokatiza, kutoguna, kutosema "nini?" mtu anapomumunya neno.

Aliyeifundisha ni mhandisi Devota Kunambi, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mbishi, mla karanga. Ukiingia ofisini kwake, maganda mezani yanakueleza siku imekwendaje kabla hajafungua mdomo.

Kitu alichojivunia kuliko vyote ni siri. Kila chumba kilikuwa na kisagasauti, mashine ambayo saa kumi na mbili jioni huzichukua sauti zote za siku, huzivunja vipande, na kubakiza maneno matupu yasiyo na mwenyewe. Kwa miaka sita hakuna siri hata moja iliyovuja. Devota alilitaja hilo kila alipoalikwa kuhutubia, na alialikwa sana.

Mfumo ulifanya kazi hivi. Swali likionyesha hatari, Somo humwomba muulizaji ruhusa, humwandikia nafasi kliniki, na muuguzi, binadamu kabisa, humpigia simu kabla ya siku kuisha. Lakini hayo yalikuwa ya mtu anayeuliza habari zake mwenyewe. Anayemuulizia mwingine alipewa ushauri, akaagwa vizuri, na swali lake likatupwa kwenye fungu lililoitwa rasmi "maswali ya mtu asiyekuwepo". Mafundi waliliita droo ya majirani, maana karibu kila swali lililoingia humo lilimhusu jirani.

Kanuni hiyo aliiandika Devota mwenyewe, na tusimlaumu haraka. Mwezi wa kwanza tu, mama mkwe mmoja alijaribu kumwandikia mke wa mwanawe kipimo cha ugumba bila mwenyewe kujua. Mwanamume mwingine alijipachika chumbani akidai majibu ya mchumba wake. Devota alipandwa na hasira, akakaa siku mbili, akaandika: asiyekuwepo hahudumiwi. Baraza la Siri za Afya lilimpigia makofi.

Kila Jumatatu alitembelewa na Dk. Theopista Mloka, bingwa wa magonjwa ya wanawake, mwenye miaka ishirini na tisa kazini na ulimi usiochagua maneno. Kazi yake ilikuwa kusoma majibu ya Somo na kuyasahihisha. Jumatatu moja ya mwanzo wa mwezi wa sita alimaliza mapema, akawa hana la kufanya mpaka treni yake ifike.

"Na humu mna nini?" aliuliza, akigusa alama ya droo kwenye kona ya kioo cha meza.

"Ushauri wa jumla tu, dokta. Maswali ya watu wengine."

"Mangapi?"

"Tangu mwaka uanze, elfu kumi na tisa."

Dk. Theopista alivua miwani. "Na yale ya watu wenyewe?"

"Elfu ishirini na nne."

"Fungua."

Alisoma kimya kwa dakika kumi, jambo ambalo kwake ni muda mrefu. "Devota, mdogo wangu, hebu niambie. Hapa kuna mtu ana jirani anayeumia wakati wa tendo la ndoa. Huyu mtu anajua jirani anaumia upande wa kushoto, na kwamba maumivu yanakwisha baada ya nusu saa. Wewe una jirani wa namna hiyo?"

Devota aliacha kumenya karanga.

"Miaka ishirini na tisa nasikia habari za huyo jirani," daktari aliendelea. "Jirani ana uvimbe. Jirani kapitiliza siku zake. Jirani kaletewa ugonjwa na mumewe. Sijawahi kumtia machoni hata siku moja! Ni wao wenyewe. Mwanamke wa hapa hakai tu akasema mimi natokwa na uchafu. Anaanza na jirani, anakutazama usoni, akiona hukushtuka ndipo anavua. Sasa wewe umewajengea mashine inayowafungia mlango wakiwa bado kwa jirani."

"Lakini mle ndani hakuna anayewaona, dokta!"

"Wanajiona wenyewe."

Devota aliona aibu, aibu ya moto inayopanda masikioni. Hakubishana. Aliyapanga maswali ya droo kwa kiwango cha hatari, na yaliyopewa alama nyekundu yakatokea mia tatu na kumi na mawili. Walianza kuyapitia moja moja. Kwenye la arobaini na kitu Dk. Theopista alinyoosha kidole.

Kisagasauti hufuta sauti, lakini hakifuti mahali wala saa. Swali lile liliulizwa Kihonda, Alhamisi, asubuhi, wiki kumi na mbili nyuma: *Jirani yangu ana miaka sitini na moja. Hedhi ilimkoma yapata miaka kumi. Sasa anaona damu. Ni hedhi imerudi?*

Somo alijibu: *Hedhi ikishakoma mwaka mzima hairudi. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone moja, lazima ionwe na daktari. Mara nyingi si jambo kubwa. Mara nyingine ni saratani ya mji wa mimba, na ikiwahiwa inatibika. Mshauri jirani yako aende hospitali wiki hii.*

Jibu lilikuwa sahihi, hata Dk. Theopista hakuona pa kutia kalamu. Halafu Somo akaaga. Hakuna nafasi iliyoandikwa wala simu iliyopigwa.

Chini yake kulikuwa na mengine, chumba kilekile, Alhamisi ileile ya wiki nyingine. *Yule jirani anasema labda ni joto la mwili.* Kisha: *Jirani anauliza, hakuna dawa ya kunywa tu?* Kisha: *Jirani ameanza kutumia vipande vya khanga.* Taulo-pimo, zile pedi zinazosoma damu na kutuma majibu kliniki, zingekwishapiga kelele zamani. Lakini mwanamke aliyekoma hedhi miaka kumi haendi dukani kununua pedi. La mwisho lilikuwa la wiki iliyopita. *Jirani amepungua sana.*

"Huyu anakufa," Dk. Theopista alisema. "Anakufa huku anakuja kutuambia."

"Nimeona, dokta."

"Alhamisi atakuja tena. Sauti yake inakaa mpaka jioni. Izuie isisagwe, tunampata ndani ya saa moja."

"Nikimfichua mmoja, kesho vyumba vyote ni vitupu."

"Na usipomfichua?"

"Najua!" Devota alipaza sauti, kisha akaomba radhi. Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. "Tumwandikie nafasi huyo jirani," alisema taratibu. "Hivyohivyo. Jina lake Jirani."

Kubadili kanuni kulihitaji kibali cha Baraza, na kibali huchukua siku arobaini. Siku ya Jumanne Devota aliingia ndani ya mfumo na kuifuta kanuni yake mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kwa kosa hilo angeweza kufukuzwa kazi. Alimenya karanga mfuko mzima.

Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, maneno yalijitokeza kwenye kioo cha meza yake.

*Jirani yangu damu imezidi.*

*Mpe pole,* Somo alijibu. *Nimemwekea nafasi Jumatatu saa tatu asubuhi, kliniki ya Dk. Theopista, chumba namba saba. Hataulizwa jina. Akifika aseme tu kwamba ni jirani. Na wewe unaweza kuja naye.*

Devota alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

*Nitamwambia,* muulizaji akasema, na mlango ukafunguka.

Jumatatu hiyo kliniki ya Dk. Theopista ilipokea wanawake arobaini na watatu. Roboti wa mapokezi, ambaye hajui salamu nyingine zaidi ya "jina lako kamili", alizimwa na kusukumiwa stoo. Wanawake walijaa barazani, wengine wamejifunika mitandio mpaka puani, na kila aliyefika dirishani alisema neno moja. Daktari alikuwa na furaha isiyo na adabu. "Leo nawaona!" alimnong'oneza Devota. "Leo majirani wote wamekuja kwa miguu yao."

Devota alikuwa chumba namba saba, amevaa koti jeupe na barakoa, akisimamia kitanda-jicho. Hicho ni kitanda chenye godoro linaloona: mtu akijilaza, viungo vyake vya ndani hujichora ukutani, bila kuguswa wala kuvuliwa nguo. Saa tatu kasoro dakika tano mlango ulifunguliwa, na aliyeingia alikuwa Bi. Zuwena.

Devota alimtambua. Bi. Zuwena! Huyu aliishi nyumba iliyopakana na gereji, mtaa aliokulia Devota. Devota amekula maandazi yake tangu hajaota meno ya pili. Kwa hiyo wiki zote hizi alikuwa ni yeye. Devota aliivuta barakoa mpaka chini ya macho asije akamfedhehesha mama wa watu.

"Mimi ni jirani," Bi. Zuwena alisema.

"Karibu sana, jirani," Dk. Theopista alisema. "Panda kitandani."

"Nipande kufanya nini? Nimesema mimi ni jirani."

"Leo wote ni majirani, mama. Panda, haiumi."

"Daktari, hunielewi. Anayeumwa si mimi. Mimi natumwa tu. Anayeumwa ni jirani yangu mimi!"

"Ndiyo mama. Jilaze."

Bi. Zuwena, mtoto wa watu, akajilaza. Ukutani ukajichora mji wa mimba mdogo, msafi, wenye utando mwembamba kama inavyotakiwa kwa umri wake. Dk. Theopista alisogea karibu. Akageuza picha, akaikuza, akaitazama tena.

"Mama, damu umeiona lini mara ya mwisho?"

"Miaka minane iliyopita! Si nimewaambia tangu naingia?"

Daktari alitafuta kiti, akakaa. Furaha yote ilikuwa imemtoka. "Kumbe yupo," alisema.

"Nani?"

"Huyo jirani."

"Yupo nyumbani, kagoma kuja. Nimembembeleza mpaka jana jioni. Amesema hapa hawezi kukanyaga, maana atakutana na..." Bi. Zuwena akanyamaza. Alikuwa ameinuka kukaa, na sasa alikuwa anamtazama yule mwenye barakoa, paji la uso, nyusi, macho. "Devota? Ni wewe, mwanangu?"

Devota alivua barakoa. "Shikamoo mama Zuwena."

"Marahaba." Mama yule akaanza kuvaa viatu haraka haraka.

"Mama, huyo jirani ni nani?"

"Niliapa sitamtaja, na sitamtaja."

"Mama Zuwena, tafadhali. Hana muda."

Bi. Zuwena aliacha kiatu kimoja. "Sitamtaja," alirudia, na sauti ilikuwa imeshuka. "Lakini kwangu unapajua. Kushoto kwangu ni gereji. Kulia kwangu ni kwa nani?"

Kulia kwa Bi. Zuwena kulikuwa na nyumba ya bati la bluu. Ndimo alimozaliwa Devota, na ndimo alimoishi mama yake, Bi. Leonsia, peke yake tangu afiwe na mume.

"Kwa nini asiniambie mimi?" Devota alisema. "Mimi! Kazi yangu ni hii!"

"Akuambie wewe? Mama na mwanawe wakae waongee mambo ya chini? Ulipovunja ungo nani alikufunda? Si shangazi yako? Mama yako alikuwa hata chumbani haingii. Basi na yeye kafanya kama tunavyofanya sote, katafuta mtu wa kati. Na yale maboksi yako anayaogopa. Ananiambia, Zuwena, mle ndani anayesikiliza ni Devota."

Walikwenda pamoja saa hiyohiyo. Bi. Leonsia alikuwa uani, anachambua mchicha juu ya ungo. Alikuwa amepungua kweli. Mabega yalikuwa yamechongoka ndani ya gauni. Devota alikuwa amekaa naye jana Jumapili kwa saa tatu na hakuyaona mabega hayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo si siku ya kazi?"

Devota alikuwa amemwandikia Somo sentensi elfu kumi na moja za kuanzisha mazungumzo haya. Alitafuta moja, akaikosa. "Jua limekuwa kali," alisema.

"Kali."

"Mchicha wa wapi huu?"

"Wa hapahapa."

Bi. Zuwena aliwatazama hawa wawili, akavuta kigoda, akajiweka katikati yao. "Jamani, mimi sina siku nzima."

Devota alitazama chini. "Mama Zuwena," alisema, "mwulize huyo jirani yako damu ilianza lini."

Bi. Zuwena aligeuka kidogo, maana umbali wenyewe haukufika hatua mbili. "Anauliza ilianza lini."

Bi. Leonsia aliendelea kuchambua. "Mwambie mwezi wa pili. Kabla ya Kwaresima."

"Mwezi wa pili."

"Mwulize kwa nini hakwenda hospitali alipoambiwa."

"Kwa nini hukwenda?"

"Mwambie mimi ni mjane. Mjane wa miaka sitini na moja akaonekane kwenye foleni ya wanawake wanaotokwa na damu? Watasema nina bwana. Watasema nimetoa mimba. Mwambie hayo, yeye anaishi kwenye maghorofa, mtaa huu ameusahau."

"Kasikia," Bi. Zuwena alisema.

"Na umwambie hivi." Mikono ya Bi. Leonsia ilisimama. "Kila Jumapili anakuja hapa. Ananihadithia mashine yake mpaka chakula kinapoa. Inavyouliza watu vizuri, inavyosikiliza. Hajawahi hata Jumapili moja kuniuliza, mama, wewe u mzima kweli?"

Bi. Zuwena alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hilo, Leonsia, mwambie mwenyewe."

Lakini Bi. Leonsia hakusema. Alirudi kwenye mchicha wake. Devota alilia pale uani, bila kuficha uso, na mama yake alimwacha alie. Mchicha ulipokwisha alisema kwa Bi. Zuwena, "Mwambie nakwenda kubadili nguo. Asubiri nje."

Kitanda-jicho kilionyesha, na maabara ikathibitisha kesho yake. Dk. Theopista alimwita Devota ofisini na kufunga mlango.

"Ni saratani ya mji wa mimba. Imeshuka mpaka kwenye shingo yake. Mkono-chuma, yule roboti wa upasuaji, utautoa mji wote wiki ijayo, halafu mionzi wiki sita. Baada ya hapo tutaangalia."

"Na wiki kumi na mbili zilizopita?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza, dokta."

Dk. Theopista hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno, na hakuanza siku hiyo. "Kwa ukubwa ninaouona, wakati ule ugonjwa ungekuwa bado ndani ya mji. Ningeutoa, akakaa siku tatu, akarudi nyumbani kwake. Ingekuwa imekwisha." Akavua miwani. "Na mimi nilikuwa nakuja hapo kwako kila Jumatatu. Droo ilikuwa palepale."

Baraza la Siri za Afya lilikutana kwa dharura. Katika siku kumi tangu kanuni ifutwe, majirani elfu moja na mia moja walikuwa wameandikiwa nafasi, na themanini kati yao walikutwa na ugonjwa usiosubiri. Devota aliletewa karipio la kuvunja utaratibu na hongera ya kuokoa maisha, vyote katika bahasha moja. Aliiweka mezani bila kuifungua.

Asubuhi ya upasuaji, sheria ya wodi iliruhusu msaidizi mmoja tu kukaa na mgonjwa. Muuguzi aliuliza ni nani. Bi. Leonsia alimwonyesha Bi. Zuwena. Devota, aliyejua jina la kila kifaa kilichokuwa mle ndani na aliyekuwa ameunda viwili kati ya hivyo, alikaa kwenye benchi la nje pamoja na waume za watu.

Baada ya nusu saa Bi. Zuwena alitoka. "Ingia."

"Amesemaje?"

"Amesema mimi nikanywe chai."

Chumba kilikuwa cheupe na baridi. Bi. Leonsia alikuwa amevalishwa gauni la hospitali, nywele zimefungwa kwa kofia ya karatasi, uso ameuelekeza ukutani. Devota alikaa pembezoni mwa kiti. Alingoja. Hakusema habari za jua.

"Wakishautoa," mama yake alisema, bado anatazama ukuta, "wanaupeleka wapi?"

Katika maswali laki mbili na zaidi ambayo Somo alikuwa ameulizwa kwa miaka sita, hilo halikuwemo.

"Maabara, mama. Wanaukata vipande wanaukagua. Kisha unachomwa."

"Unachomwa."

"Ndiyo."

Bi. Leonsia alilifikiria jambo hilo. "Ulikaa humo miezi tisa na siku kumi na moja," alisema. "Ulichelewa kutoka. Watu wakaanza kusema."

Devota hakuwa ameambiwa hilo na mtu yeyote. Alivuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

Mama yake aligeuka, akamtazama usoni. "Devota, nitapona?"

"Sijui, mama."

Bi. Leonsia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa bado haujafunguliwa. Akavuta shuka mpaka kifuani na kuuliza swali jingine.